Sindano ya mwezi na hofu zake: mwongozo kwa mgonjwa na ndugu anayemsindikiza

Daktari akitaja kumhamishia mgonjwa wa akili kwenye sindano ya mwezi, ile inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa badala ya vidonge vya kila siku, mara nyingi jibu la kwanza ni "hapana, niache na vidonge vyangu." Ndani ya jibu hilo moja kuna hofu tano au sita, na kila moja inatulizwa kwa njia yake. Anayeogopa maumivu hatulizwi na maelezo ya uzazi, na anayeogopa kufanywa zezeta hasaidiki kwa kuambiwa sindano haiumi. Kwa hiyo kabla ya kushawishi au kushawishiwa, jueni kwanza kinachoogopwa ni kipi. Chukua daftari uandike kwa maneno yako mwenyewe, au ndugu unayemwamini akuandikie. "Naogopa sitaweza kulima" ni swali ambalo daktari anaweza kulijibu. "Naogopa tu" halina jibu.

Kilichomo kwenye kichupa

Majina mawili utakayoyasikia zaidi kliniki ni flufenazini dekanoeti, ambayo wengi huiita Modecate, na haloperidoli dekanoeti. Hizi si dawa za ajabu. Haloperidoli ni ile ile ya kidonge, ila imetengenezwa iweze kuyeyuka kwenye mafuta ya ufuta. Ikichomwa, mafuta yanakaa ndani ya msuli kama kihenge kidogo, na dawa inatoka humo kidogo kidogo kuingia kwenye damu, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Kinachoingia ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: mililita 1 ni sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Katika mililita hiyo moja, flufenazini huwa na miligramu 25 na haloperidoli dekanoeti kwa kawaida miligramu 50.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza ni ufuta wenyewe. Ukila kashata za ufuta ukawashwa mwili, ukavimba midomo au kubanwa kifua, sema kabla bomba halijajazwa. La pili ni jina kwenye kichupa. Kuna haloperidoli ya kawaida ya sindano, nyepesi kama maji, inayotumika wakati wa dharura na kwisha haraka; na kuna ya mwezi, ya mafuta, yenye rangi ya manjano kwa mbali. Ya mwezi lazima iandikwe Decanoate. Si utovu wa adabu kusema, "Sista, naomba nisome kichupa." Wauguzi wazuri hukuonyesha hata kabla hujaomba.

Ziko pia sindano mpya zaidi, kama paliperidoni, ambayo huanza kwa dozi mbili begani, siku ya 1 na siku ya 8, halafu huwa ya kila mwezi. Haina mafuta ya ufuta. Bei yake ni kubwa, na si kila duka la hospitali linayo, hivyo usianze kabla hujajua dozi ya tatu na ya nne zitatoka wapi.

"Ikishaingia haitoki"

Hofu hii ni ya kweli na anayeisema asibezwe. Kidonge kikikusumbua leo, kesho unakiacha na baada ya siku chache kimekwisha mwilini. Sindano haina mlango wa kutokea. Madhara yakija yanaweza kukaa wiki kadhaa. Ndiyo maana kuna hatua za kupita kwanza, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kila moja imefanyika.

Unaanza na vidonge vya dawa ile ile, au ya jamii yake ya karibu, kwa muda wa kutosha kuona mwili unavyoipokea. Ikishapita hapo, flufenazini inaanza na dozi ya majaribio: miligramu 12.5, yaani nusu mililita. Kwa mzee hushushwa hadi 6.25, robo mililita. Kisha husubiriwa siku 4 hadi 7. Mwili ukiwa salama, ndipo dozi kamili huchomwa, na baadaye hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 5 kadiri daktari atakavyoona. Kwenye kliniki yenye foleni ndefu hatua ya majaribio ndiyo huwa rahisi kurukwa, hasa kwa mtu aliyetoka mbali. Iulize. Nauli ya kurudi baada ya wiki moja inauma, lakini mwezi mzima wa kukakamaa shingo unauma zaidi.

Kwa haloperidoli, dozi ya mwezi hupigwa hesabu kutoka kwenye vidonge: mara 10 hadi 15 ya kile unachomeza kwa siku. Anayetumia miligramu 5 kwa siku atategemea miligramu 50 hadi 75, yaani mililita 1 hadi 1.5 kila wiki 4. Hesabu hii si ya kujipangia dozi. Ni ya kukuwezesha kuuliza ukisikia namba iliyo mbali sana na hapo.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: vidonge haviachwi siku ile ile ya sindano ya kwanza. Haloperidoli dekanoeti hufika kilele chake kwenye damu karibu siku ya 6, na kiwango hakitulii mpaka miezi 2 hadi 4 ipite. Katika kipindi hicho daktari huendelea na vidonge huku akivipunguza. Familia nyingi huviacha vyote mara moja, mgonjwa anaanza kukosa usingizi wiki ya tatu, na mtaani inasemwa kwamba sindano imemharibu. Kumbe kihenge kilikuwa bado hakijajaa.

Maumivu

Sindano inauma, anayesema haiumi anakudanganya. Ila maumivu yake mengi yanapunguzika, na sababu zake zinajulikana.

Mafuta ni mazito, kwa hiyo sindano inayotumika ni nene kidogo, mara nyingi ile yenye kitako cha kijani. Mafuta yakiwa ya baridi yanazidi kuwa mazito, na asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma, upepo ukivuma, kichupa kinatoka kabatini kikiwa baridi kweli. Muuguzi akikizungusha katikati ya viganja kwa dakika moja au mbili mafuta yanalainika na kupita kwa urahisi. Unaweza kuomba ukishike mwenyewe unaposubiri, kikiwa bado hakijavunjwa. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa, kwa sababu unyevu kidogo tu unaweza kuifanya dawa iwe na ukungu, na dawa yenye ukungu haichomwi.

Msuli uliokazwa ndio unaouma zaidi. Ukichomwa kalioni umesimama, hamishia uzito wote mguu wa upande usiochomwa, na ule mwingine ugeuze vidole vya mguu viangalie ndani. Ni bora zaidi kulala kifudifudi, vidole vikiangaliana; ukilala hivyo huwezi kulikaza kalio hata ukitaka. Mwombe muuguzi asukume taratibu, kama sekunde 10 kwa kila mililita. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kwa mdomo wakati dawa inaingia.

Muuguzi aliyezoea kazi hii atavuta ngozi pembeni sentimita 2 au 3 kwanza, atachoma, atasubiri sekunde 10 kabla ya kuchomoa, ndipo aiachie ngozi irudi mahali pake. Kwa namna hiyo tundu la juu na la ndani hayalingani tena, na mafuta hayarudi nje. Baada ya hapo bonyeza tu na pamba. Usisugue! Tumezoeshwa tangu utotoni kusugua palipochomwa, lakini kwa sindano ya mafuta kusugua kunasukuma dawa nje ya msuli, na panaweza kuvimba au kutunga nundu. Vivyo hivyo usikande kwa maji ya moto wala kupaka dawa ya kuchua. Na kila mwezi badilisha upande. Mwambie muuguzi aandike kwenye kadi "kulia" au "kushoto", kwa sababu baada ya siku 28 hakuna anayekumbuka.

Kwa wanaozimia wakiona sindano, tatizo ni msukumo wa damu unaoshuka ghafla. Kula kabla ya kwenda, kunywa maji ya kutosha, na omba kuchomwa umelala. Ukisikia kichwa chepesi unaposubiri, kaza misuli ya mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, legeza kwa nusu dakika, rudia mara tano. Legeza kalio kabla ya kuchomwa, mikono ndiyo iendelee kukaza. Zoezi hili lifanye nyumbani wiki nzima kabla; siku yenyewe mwili uwe unalijua.

"Nitakuwa zezeta"

Aliyeona jirani yake akitembea kama roboti, mate yakimtoka, ana haki ya kuogopa. Hali hiyo ipo. Mara nyingi ni dozi iliyozidi, au madhara ambayo hakuna aliyeyatibu, na yote mawili yana la kufanya.

Ya haraka zaidi ni mkazo wa ghafla wa misuli: shingo inapinda, macho yanakwama yakiangalia juu, taya linakaza au ulimi unatoka nje. Hutokea saa au siku chache za mwanzo, zaidi kwa vijana wa kiume. Ndugu wasiojua hudhani ni mapepo au degedege, wakaanza kumkimbiza kwa mganga au kwenye maombi. Mpeleke hospitali na kadi yake. Sindano ya promethazini au dawa nyingine ya jamii hiyo hulegeza hali hiyo, mara nyingi ndani ya nusu saa, kisha mgonjwa hupewa vidonge vya benzheksoli vya kwenda navyo. Uliza siku ile ile ya sindano ya kwanza: "Daktari, yakinipata haya usiku, nifanye nini na niende wapi?" Na siku tatu nne za mwanzo mgonjwa asiachwe peke yake nyumbani.

Kutetemeka mikono, mwili mzito na kutembea kwa hatua fupi huja taratibu, kwa wiki. Hapo daktari anaweza kupunguza dozi, kurefusha nafasi kati ya sindano au kuongeza benzheksoli kwa muda.

Lililo gumu kutambua ni miguu kukosa utulivu. Mgonjwa hawezi kukaa: anainuka, anazunguka uani, anakaa, anainuka tena, na ndani anasikia mateso asiyoweza kuyaeleza. Nyumbani wanasema ugonjwa umerudi, kliniki wanaongeza dozi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Njia rahisi ya kutofautisha ni kumuuliza: "Unataka kukaa lakini miguu inakukatalia?" Akisema ndiyo, mwambie daktari maneno hayo hayo. Inatibika, mara nyingi kwa kupunguza dozi au kwa propranololi.

Madhara yanayochukua miaka ni midomo au ulimi kuchezacheza bila hiari. Haya usiyangoje yakomae. Mara mbili kwa mwaka mwambie daktari akuangalie mdomo, ulimi na vidole.

Dharura ya kweli ni nadra, lakini kila ndugu aijue: homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa, vyote kwa pamoja. Kwetu homa yoyote huitwa malaria, watu wakakaa nyumbani na dawa mseto. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Malaria watapima, lakini onyesheni kadi ya sindano kabla ya kupima chochote.

Kuhusu jua: dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Joto la Oktoba na Novemba, mtu anapoandaa shamba, linataka kofia, maji kila mara na kazi nzito kufanywa asubuhi na jioni. Swali la "nitaweza kulima?" jibu lake liko hapa: utaweza, ila usiwe saa saba mchana shambani bila maji.

Uzazi, nguvu za kiume na ulevi wa dawa

Sindano hizi hazifungi kizazi. Zinaweza kupandisha homoni iitwayo prolaktini, na hapo mwanamke akakosa hedhi au maziwa yakatoka bila kunyonyesha, na mwanamume akapungukiwa nguvu au hamu. Kwa kawaida hurudi sawa dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Kukosa hedhi hakuna maana kwamba huwezi kushika mimba, kwa hiyo usiitumie kama uzazi wa mpango. Ukishika mimba, usiache sindano kimyakimya. Nenda ukaseme mapema. Wanaume wengi wanaacha kliniki kwa sababu hii moja na hawaisemi kamwe. Ukiona aibu kumwambia muuguzi wa kike, omba wa kiume.

Uteja hakuna. Hii si diazepamu wala bangi. Huitamani wala huiongezi mwenyewe.

"Hii ni adhabu"

Wengi walionja sindano kwa mara ya kwanza wakiwa wameshikwa na watu wanne. Ile ilikuwa dawa ya dharura, ya kutuliza, na kumbukumbu yake inabaki mwilini hata mtu akiwa mzima kabisa. Kumwambia "sasa hivi ni tofauti" hakutoshi, utofauti uonekane. Achague bega au kalio pale dawa inaporuhusu, upande, kulala au kusimama, muuguzi mwanamke au mwanamume, mlango ufungwe, ndugu aingie au abaki nje. Wakubaliane neno la kusimamisha, na muuguzi aliheshimu.

Na hapa tuseme wazi kwa ndugu: msimdanganye. Kumwambia "twende Hospitali ya Jenerali ukapime presha" halafu akajikuta chumba cha sindano kunawapa mwezi mmoja wa utulivu na kuwanyima miaka ya kuaminiwa. Kama akili yake imevurugika kiasi cha kuwa hatari kwake au kwa wengine, hiyo ni dharura yenye utaratibu wake na daktari ndiye wa kuamua. Kama ametulia, aamue yeye.

Lipo pia la macho ya watu. Jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya hapa Dodoma, limefanywa tusi nchi nzima, na wapo wanaozunguka geti mara mbili kabla ya kuingia. Anayetoka Mpwapwa, Kondoa au Manyoni aulize kama hospitali ya wilaya yake ina kitengo cha afya ya akili na dawa yenyewe ipo. Ikiwezekana, aombe barua ya kuhamishiwa huko, yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya mwisho. Kwa siri ya nyumbani sindano inaishinda chupa ya vidonge: hakuna cha kuficha kabatini. Na wakati wa Ramadhani humwondolea aliyefunga suala la kidonge cha mchana. Masheikh wengi husema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, lakini muulize wa msikitini kwako moyo utulie.

Tarehe

Hesabu siku 28, usihesabu mwezi wa kalenda. Siku 28 zinakurudisha siku ile ile ya juma: aliyechomwa Jumanne atarudi Jumanne daima, na kliniki nyingi zina siku zake maalumu. Juma moja kabla, piga simu au mtume mtu aulize kama dawa ipo, ili ikikosekana kuwe na muda wa kuitafuta. Mvua zikianza Desemba makorongo hujaa na magari hukwama, na huo ndio msimu wa kupanda. Ukijua njia yako hukatika, kubaliana na daktari mapema juu ya kuwahi siku chache. Wasioweza kulipia waanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuomba msamaha wa malipo, kabla ya kufika dirisha la dawa.

Ukichelewa siku chache, nenda siku utakayoweza. Hakuna kuchomwa dozi mbili kufidia. Ukiwa umechelewa wiki kadhaa, daktari anaweza kukurudishia vidonge kwa muda. Ukinywa pombe ya mtama jana yake, usiikwepe kliniki. Sema, kwa sababu pombe huongeza usingizi wa dawa.

Mtego mkubwa ni huu: mtu anakosa sindano mbili na anaonekana yuko vizuri kuliko zamani, mwili mwepesi, usingizi wa kawaida. Familia inasema amepona. Dawa bado inatoka kwenye msuli na kwenye damu haijaisha. Ugonjwa unaweza kusubiri miezi miwili, mitatu, hata zaidi, na hapo hakuna anayekumbuka kuunganisha mambo hayo mawili. Dalili ya kwanza huwa usingizi. Akikesha siku mbili mfululizo, msisubiri ya tatu.

Ukijaribu kwa haki na ukaona haikufai

Jipe angalau sindano tatu au nne, isipokuwa madhara yamekushinda, kwa sababu kabla ya hapo kiwango cha dawa hakijatulia na hukumu yako itakuwa ya haraka. Ukiamua kurudi kwenye vidonge, sema wazi; ni haki yako na hakuna wa kukufukuza kliniki. Vidonge kwa kawaida huanza karibu na siku ambayo sindano inayofuata ingechomwa, kwa dozi ndogo inayopanda kadiri dawa ya msuli inavyopungua. Nenda na kadi hata siku hiyo, maana daktari anahitaji tarehe na dozi ya sindano ya mwisho ili apige hesabu ya vidonge vya kuanzia.